Kijiko cha Mkubwa wa Meza

Usiku wa jana niliota nafundisha salamu, na balaa lilianzia hapo, kwa sababu ndotoni wanafunzi walikuwa wananisikiliza.

Ngoja kwanza niwaeleze mimi ni nani, msije mkanicheka kwa kosa lisilo langu wakati yangu mwenyewe yanatosha. Naitwa Zuberi Shekiondo, mtu wa Muheza, mwalimu wa Kiswahili kwenye chuo kimoja Korea, katika mji ulio saa nzima kwa treni kusini mwa Seoul. Nafundisha pamoja na mke wangu Mwajabu, Mama Sauda. Yeye anafundisha sarufi, mimi nafundisha mazungumzo. Na jana ilikuwa siku ya tisa mwalimu wa mazungumzo hajasemeshwa na mke wake.

Nyumbani kwetu anayeongea ni sufuria. Ile ya umeme, ya kupikia wali. Za huku zimetiwa sauti ya mwanamke mpole, wali ukiiva anakutangazia kwamba wali umeiva, tafadhali ukoroge. Siku tisa hiyo ndiyo sauti ya kike pekee iliyonijali humu ndani, na nilishaanza kuiitikia.

Sababu ni karatasi. Tulikubaliana, mimi na yeye, kwamba Februari mkataba ukiisha tunarudi kwa mtoto wetu. Sauda ana miaka tisa, yuko kwa bibi yake Muheza, na kila tukimpigia simu anauliza imebaki miezi mingapi. Mimi nikasaini miaka miwili mingine bila kumwambia mama yake. Mwajabu alipoiona ile karatasi hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Alishusha sanduku kutoka juu ya kabati, akapanga nguo zake, akalisimamisha mlangoni pale tunapovulia viatu. Jumapili anaondoka. Hakusema tunaondoka.

Mtauliza mtu mzima mwenye akili zake anasainije kitu kama hicho. Jibu ni umri.

Korea mkikutana mara ya kwanza, mtu hajajua hata umeamkaje, anakuuliza umezaliwa mwaka gani. Si umbea. Anataka kujua nani amwinamie mwenzake, nani ammiminie mwenzake, na nani aanze kula, maana mezani hakuna anayegusa chakula mpaka aliye mkubwa kuliko wote anyanyue kijiko. Sasa mimi nina miaka thelathini na minane. Mwajabu ana arobaini na mitatu. Muheza hakuna aliyewahi kutuhoji, na waliokuwa wanajua walinyamaza kiungwana. Lakini siku ya kwanza Profesa Bang, mkuu wa idara, alipouliza, nikaona haya kuwa mdogo wa mke wangu mbele za watu. Nikasema arobaini na minne.

Mwajabu alinitazama. Akanisitiri.

Profesa Bang ana arobaini na mitatu kamili, maskini. Kwa hiyo palepale nikawa mkubwa wa idara nzima. Nikapewa nafasi ya ndani kabisa, mbali na mlango. Nikawa namiminiwa soda kwa mikono miwili. Vijana wakinywa mbele yangu wanageuza uso pembeni kwa heshima, na wanachokunywa ni soda, jamani, ya ndimu. Utamu ule uliniingia mpaka kwenye mifupa. Siku Profesa Bang alipoinama, akanikabidhi mkataba kwa mikono miwili, akasema idara haiwezi kukaa bila mkubwa wake, kalamu ilikuwa mkononi mwangu kabla hajamaliza sentensi. Kwamba nina mke nilikumbuka nilipofika kwenye lifti.

Haya. Turudi ndotoni.

Niko darasani. Nimeandika ubaoni shikamoo, na chini yake marahaba. Ha-eun, kiongozi wa darasa, msichana mpole anayebeba kalamu kumi na mbili za rangi tofauti, anasimama na kuinama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Juu ya ubao kuna kibao cha namba nyekundu, kama kile cha kituo cha basi kinachoonyesha basi limebakiza dakika ngapi. Kilikuwa kinasomeka 44. Kikabadilika. 45.

"Hicho ni nini?" nikauliza.

"Ni umri wako, Mwalimu," Ha-eun akasema. "Kila marahaba ni mwaka mmoja. Ulitufundisha mwenyewe kwamba marahaba husemwa na mkubwa."

Mwenye akili angefunga mdomo. Mimi nikawaambia waje mmoja mmoja, eti mazoezi. Wanafunzi waliobaki ishirini na wawili wakapanga foleni, kila mmoja akaamkia, kila mmoja nikamwitikia kwa sauti nzito inayostahili. Kibao kikasoma 67, na nilikuwa nimeota mvi bila kusumbuka.

Naingia kwenye lifti. Lifti za huku nazo zinaongea, mlango unafunguka, mlango unafungwa, yaani vyombo vyote vya nchi hii vina maneno isipokuwa mke wangu. Hii ikasema, "Shikamoo." Marahaba. Mlango ukafunguka, nikajikuta barabarani, na mji mzima ukawa umepanga foleni. Mleta vifurushi akashuka kwenye pikipiki. Wazee wanaofanya mazoezi kando ya mto wakaacha mazoezi. Kuna mbwa alikuwa amevalishwa sweta, anasukumwa kwenye kigari cha mtoto, akaniamkia kwa lafudhi safi kabisa ya Tanga, nikajiuliza amejifunza wapi, maana wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wote hawajaipata.

"Marahaba, mbwa."

Kile kibao kilikuwa kinanifuata hewani. Kikafika 204. Nitasema kweli, miaka mia mbili na minne nilijisikia vizuri sana. Magoti tu.

Profesa Bang akatokea. Alikuwa na soksi bila viatu, kama wanavyokaa migahawani huku, kwa hiyo nikajua tuko ndani ya mgahawa, na kweli tukawa ndani ya mgahawa.

"Mkubwa wetu," akasema, ameinama, "tumefanya sensa. Wewe ndiye mkubwa wa mji mzima."

"Nilikuwa nahisi."

"Kwa hiyo mji haujala."

Nikatazama. Ilikuwa saa sita mchana na meza ilikuwa moja, fupi kwenda juu na ndefu kwenda mbele. Imetoka mlangoni, imevuka barabara, imepita stesheni, imefuata mto. Watu laki tatu wamekaa sakafuni wamekunja miguu. Kila mmoja ana bakuli la wali linalofuka moshi, kila mmoja ana kimchi, ile kabichi yao ya pilipili, na kila mmoja kaweka mikono magotini. Hakuna anayekula. Wanamtazama mkubwa. Watoto wachanga walikuwa wanalia kwa adabu, mmoja baada ya mwingine.

Nikakalishwa mwisho wa ndani kabisa, juu ya mto wa kukalia alioniwekea Profesa Bang. Mbele yangu kulikuwa na kijiko kirefu cha chuma. Na upande wa pili wa bakuli langu, ana kwa ana nami, amekaa Mwajabu. Ana kanga yake ya kahawia begani, pasipoti mkononi, sanduku ubavuni. Ananitazama kama anavyotazama ukuta wa jikoni.

"Treni ya uwanja wa ndege iko tayari," Profesa Bang akaninong'oneza. "Ila dereva yuko kiti namba elfu mbili na kumi. Hawezi kuondoka hajala. Ukinyanyua kijiko, atakula. Akimaliza, treni inaondoka na Mama."

"Na nisiponyanyua?"

"Haiondoki."

Nikatabasamu. Nilijiona mjanja, wallahi. Nikakunja mikono kifuani kama mtu aliyeshiba. Kumbe kumzuia mke ni kazi nyepesi hivi, unahitaji tu kuwanyima chakula watu laki tatu.

Tukakaa. Wali ukaacha kufuka. Bibi mmoja mwenye nywele zilizosokotwa kwa dawa akamwegemea jirani yake, akamwomba radhi kwa kumwegemea, akazirai. Nikamtazama Mwajabu, nikaona mifupa ya mabega inaonekana chini ya kanga. Siku tisa hajala na mimi. Nilikuwa nasikia tu sahani jikoni nikiwa chumbani, nikadhani anakula. Ndotoni ikawa wazi kwamba alikuwa anaziosha.

"Mwajabu, una njaa?"

Akahamishia pasipoti mkono wa pili. Sijui nilitegemea nini.

Ndipo meza ikaita. Yaani sauti ilitoka mwisho wake wa mbali, ikaja juu ya mbao kama ujumbe wa simu. Nikanyanyuka kidogo nione. Nikaona ncha ya pili ya meza iko Muheza, uani kwa mama mkwe, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Sauda kakaa pale. Ana gauni la shule, ubwabwa na maharage mbele yake, mikono magotini.

"Baba," akasema, "bibi anasema nikusubiri wewe. Naruhusiwa kula?"

Hapo kicheko kiliniisha. Nilisikia uchungu ambao sijawahi kuusikia nikiwa macho, na nikiwa macho huwa nasikia mengi.

"Kula, mwanangu, kula!"

"Hujaanza," akasema.

Nikashika kijiko. Hakikunyanyuka.

Nikashika kwa mikono miwili. Hakikunyanyuka. Nikajaribu kukiviringisha, kukiteleza, kukivizia. Profesa Bang akanisaidia kwa kuinama zaidi.

"Umezaliwa mwaka gani?" kijiko kikauliza.

Hata kijiko!

"Arobaini na minne," nikasema.

"Nimeuliza mwaka."

"Kwani wewe ni uhamiaji? Nyanyuka, mtoto ana njaa."

"Mimi nanyanyuliwa na mkubwa," kijiko kikasema, na hakikuwa na hasira hata kidogo. "Uzito wangu ni ile miaka uliyojivika isiyo yako. Sasa hivi nina uzito wa miaka mia moja sitini na sita. Magari mawili ya kubebea mchanga, kwa kukadiria."

Nikainama nikakiuma. Nilikaza meno nikavuta kwa nguvu zote za ukoo wetu. Nina mwanya mbele, mwanya ambao Mwajabu aliwahi kusema ndio uliomponza akanikubali, na nikasikia mwanya ule unataka kupanuka.

"Usiniume," kijiko kikasema. "Mimi ni mali ya mgahawa."

Mlango wa jikoni ukafunguka, ikaingia sufuria yetu. Ilikuwa inatembea yenyewe, waya wake unaburuzika nyuma.

"Wali umeiva," ikasema kwa ile sauti yake. "Tafadhali koroga." Ikauvuta waya wake karibu. "Umeiva siku tisa zilizopita. Baba Sauda, nimechoka. Ile nyumba ina walimu wawili wa lugha na mzungumzaji ni mimi. Niliumbwa kwa sentensi nne tu."

Watu laki tatu wakatikisa kichwa kwa huzuni. Nilitaka kuwaambia kwamba mambo ya ndani hayawahusu, lakini Sauda alikuwa bado ananitazama kutoka Muheza, na ubwabwa wake ulikuwa unafanya utando.

"Thelathini na minane," nikasema.

"Sauti," kijiko kikasema.

"Nina miaka thelathini na minane! Nilidanganya. Niliona haya kumfuata mke wangu kwa umri. Huyu hapa ana arobaini na mitatu, na mimi ni mdogo wake, na mdogo wa Profesa, na mdogo wa nusu ya watu mlioniamkia. Mbwa tu ndiye sina hakika naye."

Kibao kikashuka kutoka 204 mpaka 38 kwa mara moja. Watu laki tatu wakanyoosha migongo. Profesa Bang naye akanyooka, akachukua mto alioniwekea, akaukalia mwenyewe, akaniashiria nimmiminie soda. Hakuniambia neno baya. Ndiyo hali yenyewe, mdogo habembelezwi.

Kijiko kikateleza chenyewe juu ya meza mpaka mbele ya Mwajabu.

"Mezani hapa mkubwa wa wageni ni huyu," kikasema. "Na wageni ndio wanaoanza."

Mwajabu akakishika kwa vidole viwili. Hakukinyanyua.

"Na lile lingine?" akasema.

Siku tisa, na neno la kwanza likawa hilo.

"Lingine lipi, Mama Sauda?"

"Zuberi."

Akishaniita jina langu, ujue mchezo umekwisha. Nikamwangalia Ha-eun, aliyekuwa ameshatokea kando yangu, labda atanipa jibu. Alikuwa anachagua kalamu.

"Nilisaini peke yangu," nikasema. "Si kwamba nilisahau. Sikukuuliza kwa sababu nilijua utakataa, na nilitaka niendelee kuinamiwa. Nimemuuza mtoto miaka miwili kwa ajili ya kugeuziwa uso watu wakinywa soda. Nimekosa, Mwajabu. Sina la kujitetea."

Akanitazama. Safari hii alinitazama mimi, si ukuta. Lakini mkono haukunyanyuka, na kule mbali nikamsikia Sauda anahema.

Ha-eun akanigusa kiwiko. "Mwalimu," akanong'ona, "umesahau somo. Mdogo ndiye huanza."

Mimi, mwanamume wa Muheza, baba wa mtu. Mbele ya mji mzima, mkuu wa idara, na mbwa mwenye sweta. Nikapiga magoti, nikaweka kipaji cha uso kwenye sakafu, na sakafu za huku zinapashwa moto, kwa hiyo niliungua kidogo.

"Shikamoo, Mwajabu."

Nilimsikia akivuta pumzi ya kujibu, nikasikia midomo yake inaachana.

"Wali umeiva," ikasema sufuria. "Tafadhali koroga."

Nikafungua macho. Dari. Mwanga wa Jumamosi asubuhi kwenye pazia. Sufuria ya kweli jikoni, ikirudia sentensi yake ya kweli. Taya zinaniuma zote mbili, na kipaji cha uso kina joto.

Nikakaa kitandani nikajicheka kwa uchungu, maana ndoto ilikuwa imeninyima hata jibu. Nikatoka. Pale mlangoni sanduku halikuwa limesimama tena. Limelazwa, limefunguliwa. Nguo za Mwajabu zimebanwa upande mmoja, zote, mpaka zipu inalalamika. Upande wa pili hauna kitu.

Nikaupima kwa kiganja ule upande mtupu, ulitosha nguo za mtu mmoja.

Nikaingia jikoni. Mwajabu amekaa kwenye meza yetu ndogo, kanga ya kahawia begani. Mabakuli mawili ya wali. Hajagusa lake. Sijafungua mdomo, sijasema hata neno moja, naapa kwa Mungu, nimesimama tu na macho yangu ya usingizi.

"Marahaba," akasema.

Nikashika mlango.

"Marahaba ya nini?"

"Kaa ule, wali unapoa." Akasukuma simu yangu katikati ya meza. "Ukimaliza, mpigie Profesa Bang. Mwambie kwanza umri wako. Ukishamwambia huo, la mkataba halitakuwa gumu."

"Atanidharau."

"Atakunyang'anya mto," Mwajabu akasema. "Utakaa sakafuni kama wenzako."

Nikakaa. Sikumwuliza amejuaje habari za mto. Nilinyoosha mkono nichukue kijiko, nikakiona. Ni kijiko chetu, kile kile cha chuma tunachokulia kila siku. Kwenye mpini kuna alama za meno zilizozama, juu na chini, na katikati ya zile za juu kuna nafasi ndogo, sawasawa na mwanya wangu.

Nikakinyanyua. Kilikuwa chepesi, kijiko cha kawaida.

Mwajabu akakohoa.

Nikakirudisha mezani. Nikaweka mikono magotini nikasubiri. Naye hakuwa na haraka, mama wa watu. Akatengeneza kanga. Akatazama nje dirishani. Akakoroga wali kama alivyoagizwa na sufuria. Kisha akanyanyua kijiko chake, akala, akatafuna, akameza.

"Haya," akasema, "kula sasa, mdogo wangu."